Mama Jicho Halii

Mumewe aliitwa kiwandani Jumatano, saa nne asubuhi, na mke mwenyewe hakuambiwa. Alitumwa tu ofisini kwa afisa utumishi, na alipofungua mlango akamkuta mume wake kwenye kiti cha wageni, vumbi la mbao bado limemganda kwenye nyusi, kofia kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Karibu dada, kaa," afisa alisema kwa ile sauti ya msibani. "Nilikuwa namweleza shemeji hapa. Mke akilia kazini kila siku, miezi saba, hatuwezi kujifanya hatuoni. Shemeji, ukikasirika, toka nje upunge upepo. Mkono usitumike."

"Mkono gani?" mume aliuliza. Fundi seremala yule ni mtu wa maneno machache. Hata kuku wa jirani hajawahi kumrushia jiwe.

Mke hakukaa. Alisogelea meza.

Mle kiwandani walimwita Mama Jicho. Yeye ndiye aliyekagua mashati kabla hayajafungwa na kupakiwa, na kwa miaka kumi na mmoja mshono ulioruka haukumpita. Kisha kikaletwa kiyoyozi kipya kwa ajili ya mashine, tundu lake likaelekezwa moja kwa moja usoni pake. Macho yakaanza kukwaruza kama yametiwa mchanga. Alipoinamia rundo la mashati meusi kwa saa mbili tatu, machozi yalimchuruzika mpaka kidevuni. Duka la dawa walimuuzia matone ya kuondoa wekundu. Wekundu uliondoka kwa saa moja, ukarudi umeongezeka. Akatia tena. Mwishowe akawa anatia mara sita kwa siku, na hali inazidi kuwa mbaya, kasi yake ya kukagua nayo ikishuka.

Wenzake walinong'ona. Mmoja alimpenyezea namba ya wakili wa talaka. Mwingine alimwambia kuna chumba kwake, aje na watoto. Alipowaambia ni macho tu, walitikisa kichwa kwa huruma, kwani nani asiyejua wanawake huficha maovu ya waume zao? Katika miezi saba yote hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama macho yanauma.

Sasa faili lake lilikuwa wazi juu ya meza ya afisa. Alilisoma kichwa chini miguu juu: *Sababu ya kushuka kwa kazi: matatizo ya ndoa.*

"Umeandika nini hapo?"

"Ni kumbukumbu tu, dada."

"Ifute."

"Faili ni la kampuni. Lete karatasi ya daktari, tutaangalia."

Kesho yake walikwenda kliniki ya macho, yeye na mumewe. Daktari, binti mwenye umri wa mdogo wake wa mwisho, alimtia rangi ya manjano jichoni, akamchungulia kwa mtambo wake huku akihesabu sekunde.

"Mama, macho yako ni makavu."

"Makavu?" Akamwonyesha leso iliyolowa chepechepe. "Na wewe unanitania?"

"Sikutanii. Jicho linahitaji machozi yenye mafuta kidogo, yakae juu yake. Vitundu vya mafuta kwenye kope zako vimeziba, na ukikodolea nguo hupepesi vya kutosha. Upepo unamalizia kukausha. Jicho likiungua, linamwaga maji matupu, na hayo hayakai. Yanamwagika tu."

Akamwambia matone ya wekundu ayatupe siku hiyo hiyo. Atumie machozi ya bandia, yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Asubuhi na jioni aweke kitambaa cha uvuguvugu juu ya macho kwa dakika kumi, kisha akande kope taratibu. Kazini apumzike kidogo kila mara, apepese kope mpaka zigusane, na akae mbali na ule upepo.

"Nitapona?"

"Utatulia, mama. Ila itabidi uyatunze siku zote."

Karatasi aliipeleka asubuhi iliyofuata. Afisa aliisoma, akatabasamu. "Basi vizuri. Tutakuhamishia kufunga maboksi."

"Yaani kiyoyozi kibaki, mimi nihame? Nikashike gundi na makaratasi, kisa nyinyi hamjui kuuliza?"

Akatia muhuri wake wa ukaguzi mfukoni, akatoka, akaketi kwenye benchi la korido. Bila muhuri ule shati haliondoki. Kufika adhuhuri mashati yalikuwa yamefika usawa wa dirisha na lori linapiga honi. Meneja akashuka mwenyewe.

"Kuna nini hapa?"

Alimweleza yote, kwa sauti iliyofika hadi mashine ya mwisho, na cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Meneja alikwenda kukaa kwenye kiti cha Mama Jicho, akainua uso. "Upepo wote huu?" Fundi wa umeme aliitwa na bisibisi, akageuza mabati ya lile tundu. Ilimchukua dakika nne.

Lakini Mama Jicho hakurudi kazini papo hapo. Alirudi kwa afisa, akasimama mpaka ule mstari ukakatwa kwa wino na ugonjwa halisi ukaandikwa, sahihi chini yake.

"Sasa mpigie mume wangu."

Afisa alipiga, akaiweka simu mezani ili wote wasikie. "Shemeji, samahani kwa usumbufu uliojitokeza..."

"Haukujitokeza," mke akamkata. "Ulimwita mpiga mke. Sema ulichofanya."

Afisa aliinamia simu. "Nilidhani unampiga mkeo. Sikuuliza. Nisamehe."

Upande wa pili zilisikika randa na kikohozi.

"Nimesikia," seremala akasema, akakata simu.

Macho yalichukua karibu miezi miwili kutulia, na siku za vumbi bado humsumbua. Afisa akimsalimu siku hizi, Mama Jicho huitikia, kwa adabu tu, huku akikagua mashati.