Magadi Si Chumvi

Siku Gervasi alipomwambia mkewe akae pembeni, jiko ni lake kuanzia leo, mtaa mzima wa Katubuka ulipata la kusema. Mwanamume wa Kiha, tena mwenye wajukuu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani mchana kweupe, kanga ya mkewe kiunoni! Waliomwona walicheka, na wasiomwona wakatia chumvi, wakasema alikuwa amefunga na kilemba. Gervasi hakuwajali. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa macho ya Winfrida.

Winfrida alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu ulimjia taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka akaacha biashara yake ya dagaa kule Katonga kwa sababu wateja walianza kumlipa noti wanazotaka wao. Basi ikasikika redioni kwamba madaktari wa macho wamefika Kigoma, watakaa mpaka mwisho wa mwezi ujao, kisha wanaondoka, na haijulikani watarudi lini. Gervasi akamshika mkewe mkono wakaenda kupanga foleni. Lakini kabla ya kufikiwa macho yake, Winfrida alipimwa presha, na muuguzi akatikisa kichwa. Presha iko juu mno, hawawezi kumpasua. Ameze vidonge hivi kila siku, aache chumvi, arudi wampime tena. Ikishuka, atapasuliwa. Ikikataa, basi.

Vidonge Winfrida alimeza bila ubishi. Chumvi ndiyo iliyokuwa vita. Gervasi alibeba kopo zima la chumvi ya Uvinza akampelekea jirani yao, Mama Niyokwizera, mama wa Kirundi aliyehamia mtaani zamani na watoto wake, akamwambia, "Kaa nayo, nikija kuiomba uninyime." Kisha akaanza utafiti wake. Kila aliyemsikia akitaja dawa ya presha alimsimamisha njiani amweleze vizuri. Akachemsha maua ya choya, akakausha majani ya mlonge, akamenya vitunguu swaumu, akatengeneza chai ya mchaichai. Na kwa kuwa hakutaka kumpa mkewe kitu asichokijua, kila kitu alianza kunywa yeye, tena kikombe kikubwa.

Sasa Gervasi presha yake haikuwa na tatizo lolote. Asubuhi moja, baada ya choya na vitunguu swaumu kwa pamoja, dunia ilimzunguka akakaa chini ghafla kando ya pipa la maji. Mama Niyokwizera alikuja mbio.

"Baba Yona, hebu nieleze. Mgonjwa hapa ni nani?"

"Nilikuwa naonja," alisema Gervasi, amefumba macho.

Winfrida alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini chakula kilipofika hakucheka. Alimega tonge mbili za ugali wa muhogo, akachovya kwenye sombe, akatafuna muda mrefu, kisha akanawa.

"Nzuri, Baba Yona. Nimeshiba."

Hajashiba. Gervasi alijua, na kila siku alijua zaidi, kwa sababu mkono aliokuwa akiushika kumpeleka bafuni ulikuwa unazidi kuwa mwepesi. Hilo lilimuuma kuliko ukungu wenyewe. Unamwondolea mtu chumvi ili aone, halafu anakuishia mikononi kwa njaa! Alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi, mambo mengi ameyapita, lakini mbele ya sahani ile iliyorudi imejaa hakuwa na akili hata moja.

Akili ilimjia sokoni Ujiji. Alikuwa amefuata mawese, akaona mawe ya magadi yamepangwa kwenye turubai, akamkumbuka mama yake. Mama yake hakupika maharage wala sombe bila magadi. Nyumbani kwao, kwa Kiha, chumvi ilikuwa umunyu, na magadi yalikuwa magadi. Makopo mawili, majina mawili, kila moja na kazi yake. Muuguzi alikataza chumvi. Magadi hakuyataja hata kwa bahati mbaya. Gervasi akanunua.

Mchana ule Winfrida alimaliza sahani. Akaifuta kwa tonge la mwisho, akaomba nyingine. Gervasi alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akajipangusa machozi kwa ile ile kanga. Tangu hapo akawa anaimba akipika, nyimbo za kanisani na za zamani za dansi, zote kwa sauti moja mbaya. Na mkono wake ukawa unazidi kuwa mwepesi kwenye magadi, kila siku punje kidogo ya ziada, ili tu aisikie ile sahani ikifutwa.

Waliporudi hospitalini alikwenda amevaa shati la Jumapili. Muuguzi, binti mmoja anaitwa Recho, alifunga kile kitambaa mkononi mwa Winfrida, akasoma, akafungua, akafunga tena.

"Shikamoo mzee. Vidonge anameza?"

"Marahaba. Anameza mbele yangu."

"Na chumvi?"

"Nyumbani kwangu haimo," alisema Gervasi kwa fahari, kisha akamweleza upishi wake wote, sombe, mawese, karanga, na kale kamagadi kake ka kuamsha ladha.

Recho aliinua kichwa. "Magadi kiasi gani?"

Gervasi akamwonyesha kwenye kiganja. Recho akakitazama kiganja kile, akavuta pumzi.

"Mzee wangu, magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Kile kinachopandisha presha kwenye chumvi, kwenye magadi kimejaa."

"Mbona hayana ladha ya chumvi?"

"Presha haionji, mzee."

Hakusema kwa ubaya. Alimwambia waendelee na vidonge, wayaache magadi, warudi kabla madaktari hawajafunga kazi. Bado kulikuwa na muda, ila mdogo.

Walipofika uani alimkalisha mkewe kwenye kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Ni mimi," alisema. "Mama Yona, ni mimi niliyekuwa nakulisha kile kitu. Kama hutaona tena, ujue ni mkono wangu huu."

Winfrida akatabasamu upande ambao alidhani mumewe yupo, naye hakuwa upande huo.

"Unafikiri mimi nimepika miaka yote hii nisijue magadi? Niliyasikia tonge la kwanza. Nikasema moyoni, muuguzi ametaja chumvi, hakutaja magadi. Nikanyamaza nile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaimba," alisema Winfrida. "Ningesema ungeacha kuimba."

Gervasi alikaa chini pale pale mavumbini, karibu na miguu yake, na wote wawili wakacheka kicheko chenye machozi ndani yake.

Baada ya hapo walipika pamoja. Winfrida alikaa karibu na moto akinusa na kuamrisha, Gervasi akawa macho yake. Weka ndimu. Tangawizi hiyo ndogo, ongeza. Karanga zikaange kwanza ndipo uzisage. Bila magadi sombe ni sugu, inataka kuchemka nusu ya siku, na kwa hiyo nusu ya siku walikaa hapo bega kwa bega wakiongea mambo ambayo ndoa yao haikuwahi kupata nafasi ya kuyaongea. Mama Niyokwizera akipita alikuwa akiwaita wachumba. Ulimi nao ukazoea polepole. Sahani hazikufutwa kama zile za magadi, lakini hazikurudi zimejaa.

Safari ya mwisho Recho alisoma kipimo mara moja tu. "Mama, vua viatu," alisema, "unaingia." Gervasi alibaki kwenye benchi la nje amekumbatia viatu vya mkewe kifuani, na watu waliompita walidhani amefiwa.

Asubuhi yake bandeji ilitolewa jicho la kulia. Winfrida alipepesa. Akaona dirisha. Akamwona Recho, akashangaa kwamba ni mtoto kiasi kile. Kisha akageuka, akamwona mwanamume mwenye mvi kichwa kizima, mashavu yameingia ndani, ameshikilia ukingo wa kitanda kama anayeogopa kufukuzwa. Akamtazama muda mrefu sana. Gervasi akaanza kuingiwa na hofu.

"Mama Yona? Huoni?"

"Umezeeka," alisema Winfrida kwa sauti ndogo. "Umezeeka hivi mimi sipo."

"Ulikuwepo," alisema Gervasi. "Ulikuwepo kila siku."

"Sogea hapa kwenye mwanga," alisema Winfrida. "Sijamaliza kukutazama."

Gervasi akasogea.