Samadari ya Liwali

Kwa nje, nyumba ya Mzee Abdulhakim haikutofautiana na nyumba nyingine za mtaa wa Granville, Sydney. Ilikuwa na matofali mekundu, mapipa ya taka, na gari la binti yake mbele ya mlango. Ndani, chumba chake cha kulala kilikuwa nakala ya chumba cha babu yake, Liwali, katika jumba la Unguja ambalo sasa ni makumbusho. Watalii hulipa kiingilio ili wakione. Mzee Abdulhakim alilala ndani yake bure, na alipenda kulisema hilo.

Alikikamilisha kwa miaka mingi. Vidaka vya ukutani vilijengwa na Lazare, fundi seremala kutoka Burundi, na katika kila kidaka palikaa sahani ya kichina au mrashi wa fedha. Vioo viwili vyenye fremu za dhahabu vilitazamana. Kasha la njumu za shaba lilijaza nafasi yote chini ya dirisha. Katikati ilisimama samadari yenyewe: nguzo nne zilizochongwa, pazia la msutu mwekundu, na godoro lililofika juu ya kiuno cha mtu mzima. Mzee alipanda kwa kukanyaga kibago, kigoda kifupi cha mbao.

"Mtu wa heshima halali chini," alizoea kusema. "Anayetaka kumwamkia na ainue shingo."

Aliyempandisha kila jioni ni Ruqayya. Alikuwa mhudumu wake, mwenyeji wa Unguja kama yeye. Alimwogesha, alimpikia uji, alimpaka dawa ya magoti. Bibi yake Ruqayya, jina lake Kijakazi, alikuwa mtumishi katika jumba lile lile la Liwali, na mzee alimkumbuka vizuri tangu utoto wake.

"Bibi yake huyu akilala pale," aliwaambia wageni, fimbo yake ikionyesha sakafu karibu na kibago. "Mkeka na kanga moja. Babu akikohoa tu, keshasimama na maji. Watu waaminifu wale! Siku hizi utawapata wapi?"

Wageni walicheka kwa adabu. Ruqayya aligawa kahawa.

Majira ya baridi mzee alianguka kutoka kwenye samadari. Hakuvunjika, lakini upande mmoja wa uso ulivimba. Mkaguzi wa huduma za wazee alikuja, akapima kitanda, akatoa uamuzi. Kitanda kikatwe miguu, au mtu alale chumbani kila usiku. La sivyo, mzee ahamie nyumba ya wazee.

Ghada, binti yake, alimwita Lazare. Fundi alilala chali uvunguni na futi kamba yake.

"Mzee, miguu hii nikikata, hairudi," alisema kutoka huko chini. "Mbao ya namna hii dukani Bunnings hawana."

"Kata ya kwako, Lazare."

"Yangu mifupi tayari, patron."

Lazare alitoka uvunguni akicheka peke yake, akakunja futi kamba na kwenda zake.

Ghada alimvuta Ruqayya jikoni.

"Bi Ruqayya, nimepata njia. Wewe ulale chumbani kwa baba. Nitakununulia godoro zuri, na hita yako mwenyewe."

"Godoro litakaa wapi?"

"Pale chini, karibu na kibago. Si unaona kwengine kumejaa?"

Ghada alizaliwa Sydney. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amepima nafasi tu. Ruqayya alifuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa. Kisha akarudi chumbani.

"Bwana, nitalala humu. Samadari yako isiguswe. Lakini kasha litoke, na mahali pake kiwekwe kitanda changu, chenye kimo kama hiki chako."

"Kama hiki?"

"Kama hicho hicho."

"Samadari mbili katika chumba cha Liwali! Unataka tulale sawa, kama mtu na ndugu yake?"

"Nataka kulala, Bwana."

"Kijakazi hakuwahi kutamka neno kama hilo."

"Nani aliwahi kumuuliza?"

Mzee aligonga sakafu kwa fimbo. Ghada alikuja mbio, akasikiliza, akashika kichwa.

"Ni godoro tu, Bi Ruqayya! Hapa Sydney nani anajali mambo hayo?"

"Baba yako anajali. Muulize kwa nini kitanda hakifai na godoro linafaa."

Ghada alimgeukia baba yake. Mzee alitazama vidaka vyake, kimoja baada ya kingine.

"Nipelekeni huko kwa wazee," alisema.

Walimpeleka nyumba ya wazee ya Doonside. Wiki ya kwanza Ruqayya alimpelekea nguo zake. Ilikuwa jioni mapema, saa ambayo wazee hulazwa. Chumba kilikuwa cheupe, chenye televisheni na kabati la bati. Muuguzi alibonyeza kitufe, na kitanda kikashuka hadi kikakaribia kugusa sakafu. Pembeni akatandika mkeka mnene wa plastiki.

"Ndivyo tunavyowalaza wanaoanguka," alieleza, akatoka.

Mzee sasa alikuwa usawa wa viatu vya Ruqayya.

"Waambie wakipandishe."

"Nimewaambia tangu nilipofika wasikishushe, Bwana. Wamekataa."

Alikuwa amewaambia kweli, mara mbili, na hakujua kwa nini alijisumbua. Alipanga fulana kabatini. Alipogeuka, mzee alikuwa akimkodolea macho kwa hasira.

"Usinisimamie hivyo, ukinitazama kutoka juu. Kaa."

Ruqayya alitafuta kiti. Hakukiona.

"Nikae wapi, Bwana?"

Mkono wa mzee ulitoka taratibu chini ya shuka. Kidole kilinyooka, kikaonyesha mkeka wa plastiki.

Ruqayya alifunga mlango wa kabati. Alichukua mkoba wake, akamwambia "Kwaheri, Abdulhakim," akaenda kupanda treni.