Aingiaye Bila Hodi

Mchelea mwana kulia hufundisha. Asiyemchelea hulia yeye, tena ndani ya darasa tupu. Ndivyo ilivyokuwa kijijini Mlali, zama za Wajerumani. Mwalimu wa kwanza alikuja na kiboko, watoto wakakimbilia machungani, naye akafunga virago bila mwanafunzi hata mmoja. Ruthu, binti aliyesomeshwa na misheni, alipokabidhiwa shule ile alianza na chungu cha uji wa uwele. Kila asubuhi mtoto aliulizwa kwanza kalalaje, kala nini, nani mgonjwa kwao. Vibao vilishikwa baadaye.

Na ilikuwepo sheria moja. Kiangazi kilichopita askari aliingia darasani kimya kimya, akachuchumaa mbele ya binti mdogo, Loisi, akamwuliza kwa upole babaye yuko wapi. Mtoto hakujua hila. Akasema yumo kwenye kihenge cha nafaka. Baba akatolewa humo, makapi ya mtama yamemjaa nyweleni, akapelekwa kazi ya reli. Hajarudi. Loisi akafunga kinywa msimu mzima. Tangu hapo Ruthu akawafunza wote: aingiaye bila hodi hajibiwi, awe awaye. Na ni juma hili tu Loisi alipoanza tena kusoma kwa sauti.

Sasa Akida Mbwana alikuwa amesimama katikati ya darasa, tarbushi kichwani, askari nyuma yake na kiboko kwapani. Hodi hawakubisha.

"Nimetumwa na boma," alimwambia Ruthu. "Kama hawa hawasomi, nyumba hii naifunga leo, nawe urudi kwenu ukapepete mtama." Akamnyooshea Loisi kidole. "Wewe, soma ubaoni."

Loisi akatazama magoti yake.

"Ni bubu huyu?"

"Si bubu, Bwana Akida."

"Basi wewe, mwenye masikio ya popo. Soma."

Naye akainamia kibao chake. Uji ulisikika ukitokota nje.

"Kumbe unafuga mbuzi, Bibi Mwalimu. Na afadhali mbuzi, hulia."

"Wanasoma," Ruthu alisema. "Bwana Akida atoke, abishe hodi, atawasikia."

Askari alichekea puani, kisha akaona uso wa bwana wake, akakoma.

"Mimi? Niwabishie hodi watoto wa wachunga ng'ombe?"

"Baba zao hubisha."

Neno moja lingetosha. Ruthu angesema tu "someni", wangesoma kama kasuku na shule ingepona. Lilimfika ulimini. Lakini kesho akiingia mwingine mwenye sauti tamu, watoto wangejuaje kwamba kinywa ni chao? Akalimeza.

"Mlaze chini huyo binti," akida akamwambia askari. "Mchape mpaka asome."

Askari alipopiga hatua, Ruthu alishuka jamvini akamfunika Loisi kwa mwili wake. Aliusikia moyo wa mtoto ukidunda kifuani pake kama kifaranga mkononi. Kiboko kikapanda, kikabaki juu.

"Bwana," askari akanong'ona, "huyu ni wa misheni. Wazungu wake wataulizia mgongo huu bomani."

Akida alivuta pumzi. Akatengeneza tarbushi, ingawa halikuwa limekwenda upande.

"Haya, inuka. Mimi si mkatili. Omba radhi hapa, mbele yao, nami nitasema bomani nimekuta shule njema. Usipoomba, mlango napiga kufuli. Ni neno tu, mwanangu. Halikuchubui."

Ruthu akainuka. Loisi alikuwa ameishika kaniki ya Ruthu kwa mikono miwili, hakuiachia. Watoto wote walikuwa wakimtazama mwalimu wao mdomoni, kama wanavyoutazama ubao.

"Sikukukosea, Bwana Akida," alisema. "Lete kufuli. Siombi radhi."