Aliyeweka Ushanga

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mayai alilipwa mshahara wa kuchungulia maisha ya watu ambao hawajazaliwa, ingawa watu wenyewe walikuwa kuku. Alikata dirisha dogo kwenye ganda la yai, akaingiza kibano, akapachika ushanga mdogo kuliko punje ya chumvi pale bawa linapoanza kuota, akaziba dirisha kwa selotepu na kulirudisha yai kwenye mashine ya joto. Maprofesa walikuja na kuondoka, kila mmoja na majivuno yake, lakini walipotaka kazi safi walimwita yeye. Mkono wake haukuwahi kutetemeka, hata siku paa la maabara lilipovuja juu ya kichwa chake.

Wiki hii alikuwa ameshaharibu mayai manne.

Sababu ilikuwa na siku kumi na moja, kilo tatu na nusu, na vidole sita mkono wa kushoto. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa mzima, mwenye sauti ya dalali mnadani, ila ubavuni mwa kidole gumba kulikuwa na gumba jingine dogo, na ukucha wake kabisa, kama abiria aliyepanda bila tiketi. Muuguzi alisema si ugonjwa, na wakitaka kinaweza kutolewa baadaye. Yangeishia hapo, kama Shangazi asingekuwepo.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Mayai, na tangu kaka yake afariki alijiteua mwenyewe kuwa mlinzi wa damu ya ukoo. Alimshika mtoto mkono, akahesabu vidole, akarudia kuhesabu, akasema mbele ya mzazi bila hata kumeza mate: "Kwetu hakuna kitu hiki. Mtoto wa nani huyu?"

Baba wa mtoto, mwana pekee wa Mama Mayai, fundi umeme mwenye ndevu zake na ngazi yake, alitulia kama maji ya mtungi. Siku ya tisa akamwambia mkewe aende kwao akapumzike kidogo. Mkewe akafunga begi, akaliweka mlangoni, akasema haendi popote mpaka kikao cha ukoo cha Jumapili, ili amjue kwa sura kila anayemfukuza.

Mama Mayai naye alikaa kimya, na kimya chake ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Kwenye ubavu wa gumba lake la kushoto palikuwa na kovu dogo la mviringo. Yeye alizaliwa na kidole hicho hicho. Mama yake alikifunga kwa uzi angali mchanga, kikakauka, kikaanguka, na alipopata akili akaonywa asimwambie mtu, la sivyo hatapata wa kumwoa. Mumewe aliambiwa kovu ni la wembe. Mwanawe akaambiwa ni wembe. Uongo ukishakaa ndani ya nyumba miaka thelathini na minne unakuwa kama kabati kubwa, hakuna anayejua utatolewa kwa mlango upi. Kwa hiyo akatafuta njia ya kumwokoa mkwe wake bila kuligusa kabati. Akaamua kutumia sayansi. Jumamosi asubuhi akawaita Shangazi na mwanawe maabara.

Shangazi alikuja amevaa kama anakwenda kupokea tuzo. Alivishwa koti jeupe, akalalamika linamnenepesha, kisha akaketi mbele ya hadubini, ambako kifaranga aliyetolewa yaini kabla ya kuanguliwa alikuwa amelazwa tayari. Kwenye meza ya pili Daktari Mkia alikuwa anakunywa chai mahali palipoandikwa usile wala usinywe. Alikuwa mtafiti wa kinga ya mwili, na jina alilipata kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kwenye kifuko kidogo kilichopo juu kidogo ya tundu la haja la kuku.

"Tazama bawa, wifi," Mama Mayai alisema. "Kifaranga wa kawaida ana vidole vitatu kwenye bawa. Hesabu vya huyu."

"Kuku ana vidole kwenye bawa?"

"Hesabu tu."

Shangazi alihesabu kwa kucha zake ndefu. "Sita. Mungu wangu! Mama yake alitembea na nani?"

"Hakutembea na mtu. Shamba linalotuletea mayai lina jogoo mmoja, namfahamu mimi." Akaeleza polepole, kwa sauti aliyotumia na maprofesa wapya. Mkono unapoanza kuota ndani ya yai, au ndani ya tumbo, kuna jeni inayowashwa upande wa kidole cha mwisho, na ndiyo inayopanga vidole vije wapi. Ikiwaka na upande wa gumba, vidole vinazidi. Jeni hiyo wanayo kuku, panya na watu, hata watu wa heshima. Ule ushanga ulikuwa umelowekwa kwenye protini inayotengenezwa na jeni hiyo. "Kwa binadamu hakuna haja ya ushanga. Swichi ya jeni ipo mbali na jeni yenyewe. Herufi moja ikikosewa kwenye swichi, taa inawaka pasipotakiwa."

Mwanawe akasogea. Swichi alizielewa. "Kama umefunga swichi ya sebuleni, ikawasha na taa ya jikoni."

"Hapo hapo, mwanangu."

"Sawa, lakini mtoto hafanani na mtu yeyote kwetu," Shangazi alisema. "Hata pua."

Daktari Mkia akaweka kikombe chini. "Kufanana mnakupenda sana nyie. Kwenye kifuko changu hiki, seli za kinga zinachukua vipande vya jeni mbovu, mitumba mitupu, zinavibandika juu ya jeni nzima, na kila seli inatoka na mshono wake. Hakuna inayofanana na mama yake. Zingefanana zote, ugonjwa mmoja tu ungemmaliza kuku."

"Unanipeleka matakoni mwa kuku kunifundisha ukoo?"

"Mimi hakuna mahali pengine ninapopajua, shangazi."

Shangazi akairudia hadubini, akahesabu tena kimoja kimoja, na Mama Mayai akaanza kupumua. Kumbe mama wa watu alikuwa anapanga maneno.

"Wifi, mimi sikusoma, lakini nimeelewa. Kuku huyu ana vidole sita kwa sababu kuna mtu aliingiza mkono humo ndani akaweka ushanga."

"Ndiyo."

"Basi swali langu ni lile lile. Kwa mkwe wako nani kaweka?"

Daktari Mkia alipaliwa na chai. Mwana wa Mama Mayai hakucheka. Alimgeukia mama yake, na macho yalikuwa mekundu. "Mama, hitilafu kama hiyo inaweza kutokea yenyewe tu? Au lazima itoke kwa mtu?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa. Inaweza kutokea yenyewe, hilo ni kweli, vitabu vinasema. Angejibu neno moja na kurudi nyumbani na wembe wake. Alimtazama mtoto wake aliyemlea kwa mkono wenye kovu lile, akaona aibu iliyomchoma mpaka masikioni.

"Inaweza," alisema. "Ila safari hii ushanga niliuweka mimi."

Akavua glovu ya kushoto, akaweka mkono chini ya taa ya hadubini na kuwaambia kuhusu mama yake na uzi.

"Si ulisema wembe?" mwanawe aliuliza, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita.

"Nilidanganya. Kwako kilipita bila kuonekana, huwa inatokea. Nikadhani kimeisha."

Shangazi alilishika lile gumba, akaligeuza huku na huku kama anayenunua nyanya. "Kaka yangu alijua?"

"Hakujua."

"Mimi natafuta mwongo ndani ya nyumba ile siku kumi na moja, kumbe ndiye ananipikia chai!" Akavua koti, akalitupa kitini. "Kesho kikao kipo pale pale. Ajenda tu ndiyo imebadilika."

Nyumbani, begi lilikuwa bado mlangoni. Mkwe alikuwa ananyonyesha. Mumewe alibaki nje, akijifanya anakagua mita ya umeme, kwa hiyo Mama Mayai alieleza mwenyewe, amesimama, mkono umenyooshwa. Mkwe alilitazama kovu, akautazama mkono wa kushoto wa mtoto.

"Ulijua lini, mama?"

"Nilipomwona tu. Siku ya kwanza."

"Siku kumi na moja," mkwe alisema. Hakupandisha sauti. "Nimeitwa kila jina humu ndani, na wewe unanipitishia uji."

"Nisamehe, mwanangu."

Mkwe akambadilisha mtoto upande wa pili. "Hiki kidole hakifungwi uzi. Akikua ataamua mwenyewe. Na huyo anayesoma mita mwambie nitamwita nikiwa tayari." Kisha akaonyesha begi kwa kidevu. "Hizo nguo mimi sizitoi."

Mama Mayai akapiga magoti mlangoni, akafungua zipu, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzikunja upya, vinguo vya mtoto kwanza, huku mkwe akimtazama mpaka ya mwisho.