Kidole cha Mwalimu Scovia

Kila Jumamosi masomo yakiisha, Mwalimu Scovia wa Tororo alipangusa fidla, akalegeza upinde, kisha akachomoa kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto na kumkabidhi mtoto aliyefikiwa na zamu. Kilitoka bila damu, kama hindi linavyotoka kwenye maganda.

"Msikiweke karibu na paka," alisema. "Na msikioshe kwa sabuni ya unga."

Nyumbani kidole kililala kwenye kisahani cha chumvi. Mtoto akikosea noti, kilimgongagonga kifundo cha mkono mpaka apatie. Fimbo Mwalimu hakuiamini. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo kule Merikit na katekista Ofwono, aliyekuwa akimfungia kidole chake kwenye jani la mgomba, na akisema mtoto hanyimwi kidole kwa makosa ya wakubwa wake. Ofwono alizikwa na vidole vyake vyote. Siku zile watu walikuwa wanarudisha vitu vya watu.

Ikaja zamu ya Emma, binti wa Ecweru, wakala wa forodha mwenye ghorofa Busia, upande wa Kenya. Jumamosi iliyofuata alirudi na hankachifu tupu.

"Baba amesema kikae kidogo, Mwalimu. Tuko na wageni."

"Kesho tunamaliza matanga ya mama yangu, Emma. Aliacha neno nimpigie wimbo wake, na wimbo wenyewe hauendi bila hicho."

"Nilimwambia. Akasema nyinyi walimu mna haraka."

Basi akaenda mwenyewe. Mpakani askari alimuuliza amebeba nini.

"Sijabeba. Nafuata kidole changu."

"Kile cha fidla? Kilipita wiki jana. Pita, mama."

Kwa Ecweru kidole kilikuwa kando ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma, kimevalishwa pete ya dhahabu. Mwalimu alipoingia, kiligeuka polepole kuelekea mlangoni.

"Karibu, Madam. Si umebaki na vingine? Huyu wangu ameshakizoea."

"Ni changu, Mzee."

"Nani amekataa? Ni chako, kikiwa kwangu. Kunywa chai."

Mwalimu alipoinuka kuondoka, kidole kilijaribu kujikunja kimfuate, lakini pete ilikuwa nzito.

Jumapili Mwalimu alipiga hivyo hivyo bila kidole, kaburini Merikit. Kila palipohitaji kidole cha pete pakawa kimya, na kutoka chini ya saruji mama yake akaijaza noti kwa sauti ya puani, akichelewa kidogo.

"Hata kanisani alikuwa nyuma ya wimbo," alisema mjomba Owor, akarudisha mrija wa pombe ya malwa mdomoni.

Jumamosi Emma alifika mapema. Kifundo chake kilikuwa kimenyooka, na noti aliyokuwa akiikosa siku zote ikatoka safi kama maji ya mtungini. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu, maana alistahili. Ndipo mtoto akatandaza hankachifu mpya mezani, ya hariri.

"Baba anaomba cha kati. Anasema cha pete kina upweke."

Mwalimu Scovia akautazama mkono wake, kisha akautazama wa mtoto. Kikatoka bila damu.

"Msikiweke karibu na paka," alisema.