Muhonja Afundisha Litungu

Katika klabu ya ngoma za asili ya Kaloleni, mwanachama pekee asiyejua kupiga chombo chochote alikuwa katibu wao, Muhonja, na siri hiyo aliijua yeye peke yake. Kila Jumapili alifika mkutanoni amebeba litungu la marehemu babake, kinubi cha nyuzi saba, akalilaza mapajani kama mtoto mwenye homa, akaandika kumbukumbu. Miaka sita ya kulibeba ilitosha kuwafanya watu waamini kwamba analipiga.

Kambi ya muziki ya Jumamosi na Jumapili ilikuwa wazo lake. Aliomba ukumbi wa mtaa, akaagiza nyama soko la Burma, akatafuta magodoro ya wageni, kisha akachora ratiba ya rangi tatu. Ratiba hiyo aliipenda kupita kiasi. Aliibandika dukani kwake Ziwani, juu ya cherehani, na kila akimaliza kushona sare moja ya shule aliinua macho kuitazama.

Alhamisi mwalimu wa litungu akapiga simu kutoka Bungoma: mkewe amelazwa, hataweza kuja.

"Katibu, tuifute hiyo saa?" akauliza Kweyu, mwenyekiti.

Kuifuta kungeacha pengo jeupe katikati ya rangi ya kijani. Kwa sababu hiyo, wala si nyingine, Muhonja akasikia mdomo wake ukisema, "Wacha. Nitafundisha mimi."

"Nimengoja miaka useme hivyo," Kweyu akamwambia, na ilionekana ameguswa kweli.

Ijumaa alifunga duka akajifungia na video za kwenye simu. Kufikia jioni vidole vilikuwa vimevimba, naye alikuwa amepata nusu ya wimbo mmoja.

Jumamosi saa nne asubuhi wanafunzi tisa waliketi mviringo na malitungu ya kuazima. Sabrin, muuza vitambaa wa Eastleigh, alikuwa amekuja na daftari jipya. Muhonja akaanza na historia. Akaeleza mti, akaeleza ngozi na jinsi inavyoloweshwa, akarudi tena kwenye mti. Dakika arobaini zikaisha. Alijisikia akiongea kama mtu anayeuza shamba lisilo lake.

"Mwalimu," Sabrin akasema kwa upole, "ngozi tumeielewa. Sasa kidole kinaenda wapi?"

Muhonja akazitazama zile nyuzi saba. Hakuna hata moja iliyomsaidia.

"Sijui kupiga," akasema. "Najua nusu ya wimbo, na hiyo nimeijua jana."

"Lakini si uko na hiyo kitu kila Sunday?" akauliza Njoki, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

"Huwa naibeba tu."

Njoki akaangua kicheko, wengine wakafuata. Muhonja akangoja waondoke. Sabrin akafungua daftari.

"Hiyo nusu, ni ya mwanzo au ya mwisho?"

"Ya mwanzo."

"Basi tuanze."

Jumapili alasiri, kwenye onyesho la kufunga kambi, walipanda jukwaani watu kumi. Walipiga vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini, kisha, katikati ya wimbo, wakanyamaza wote kwa pamoja. Watu wakangoja wakitabasamu. Kweyu akavaa miwani kuisoma ratiba. Ikabidi Muhonja asimame.

"Tumemaliza. Mimi najua mpaka hapo."

Makofi yakaja yamechanganyika na vicheko, naye akashuka masikio yakimwaka moto.

Katika kumbukumbu za kambi aliandika: *Saa ya litungu. Mwalimu hakuwa na ujuzi.* Kweyu akamsihi alainishe maneno. Akakataa, kwa kuwa aliona kwamba katika miaka sita hajaandika sentensi nyingine yenye ukweli kama huo.

Wiki tatu baadaye, mke wa yule mwalimu wa litungu alipopona, Muhonja na Sabrin walikwenda kwake Bungoma. Mwalimu akalipokea litungu la babake Muhonja, akagusa uzi mmoja, akakunja uso.

"Nani alizikaza nyuzi hizi?"

"Mimi."

Akazilegeza zote saba, akamsogezea kigoda. Muhonja akaketi ajifunze, na kwa mara ya kwanza Sabrin akamshikia kalamu yake ya ukatibu.