Jina Langu Kileleni

Nalala mchana, mvua ikipiga bati, hasira bado haijaniisha. Mjomba Mloka amewachagua kaka zangu wawili wapande naye mlima wa ukoo, maana kwetu aliyefika kileleni akataja jina lake ndiye anayesikilizwa kwenye kikao. Mimi kaniambia, Zawena mama, wewe tuandalie chai. Nafumba macho, na godoro linakuwa tope. Niko msituni, sina fimbo, sina koti, safari yenyewe sikuipanga, nina kandambili tu, na njia inapanda, inapinda, inapanda tena palepale nilipotoka. Nashika mgomba mwitu, unateleza; nashika mzizi, unanivuta. Katika kila dimbwi kuna mji uliopinduliwa, na kwenye kila baraza la mji huo nimeketi mimi, nampikia chai mtu nisiyemwona. Sitaki kuwatazama hao akina mimi, lakini wao wananitazama. Juu ya jiwe amesimama mwongozaji mwenye koti la mvua, na ndani ya kofia hamna uso. Binti, nani kakutangulia? Miguu yangu, namjibu. Anacheka mpaka koti linatikisika. Hapa hapandi mtu bila mjomba kutangulia. Omba radhi, nikuonyeshe njia kavu ya kushukia. Na nikikataa? Basi, kitendawili. Tega, namwambia. Kila anikanyagaye namvuta chini, lakini bila mimi hana pa kusimama. Ukishindwa nipe mji, na mji wenyewe ni huo hapo dimbwini, utakaa humo na birika lako. Nafikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyozama, magoti, mapaja, kandambili zimeshakwenda. Ndipo vidole vya miguu vinajua kabla ya kichwa: chini ya huu ulaini kuna ugumu. Ni wewe, nasema. Wewe ndiye tope. Koti linaporomoka, na ndani yake ni udongo mtupu. Natambaa. Naanguka mara tatu, mara nne, nainuka na majani mdomoni, nacheka peke yangu kama mwehu, na ghafla hakuna tena pa kupanda. Kilele ni chembamba, upana wa ungo. Napaza sauti: mimi ni Zawena, mama yangu ni Tabu, bibi yangu ni Mwanakombo. Msitu unayarudisha majina moja moja, taratibu, kama unayajifunza.

Naamka. Bati limenyamaza, chai haijapikwa, Mjomba Mloka yuko mlangoni, amelowa. Zawena, tulikuwa hata nusu ya njia hatujafika, tukasikia jina lako linatoka juu. Nani kakuruhusu? Namtazama usoni, na uso wake unakuja na kupotea, sijui kama huku ndiko kuamka au kule. Omba radhi, mama, yaishe. Kikaoni nitakaa mbele, mjomba, namwambia. Na radhi siombi.